Mtupo wa Bibi Arlys

Pittsburgh,
3 Novemba 1996

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, magoti mazima, na chakula nakula, kwa hiyo usianze kuniulizia. Nimepanga nyumba juu ya kilima. Mtu akitaka maziwa anashuka ngazi, kisha anazipanda tena akihema. Huku hakuna ardhi tambarare hata ya kuwekea kikombe. Mama ameniambia mavuno ya mahindi yamekwisha na kwamba trekta bado unaliendesha mwenyewe. Bibi, jamani! Una miaka sitini na minne.

Naandika kwa sababu wiki iliyopita nilikupigia simu ukadhani mimi ni muuza bima, ukaniambia huhitaji kitu na ukakata. Hilo sikio lako trekta limeshalimaliza, basi tuandikiane.

Haya, habari yenyewe. Nimo kwenye timu ya mpira wa kikapu! Nyundo wa Pittsburgh wamenipa mkataba wa msimu mmoja, na nikifanya vizuri wataniongeza. Ila mchezaji mgeni kwenye ligi hii ni kama mke mpya mbele ya mawifi. Kila asubuhi ya mazoezi lazima nilete donati za timu nzima, nibebe mabegi ya wakubwa, na basi likikwama niimbe. Mkubwa wao ni Lamont Purifoy, yupo ligini mwaka wa kumi na mbili. Aliposikia natoka Iowa akanibatiza Mahindi. "We Mahindi, hizi donati za leo au umetoka nazo kwenu?" Jumanne nilisahau kuzileta. Kutoka mazoezini nakuta gari langu limejazwa bisi za mahindi kuanzia sakafuni hadi darini. Purifoy amesimama pembeni, amekunja mikono, anasema, "Tumekuletea ndugu zako." Mpaka leo nikiwasha joto ndani ya gari, bisi zinanirukia usoni.

Mechi ya kwanza tulishinda, na mimi nilifunga pointi nane. Natamani ungeona, lakini hiyo televisheni yako najua inashika hali ya hewa na bei ya nguruwe tu.

Msalimie paka.

Mjukuu wako,
Garrit


Ellerbeck, Iowa,
14 Novemba 1996

Garrit,

Marahaba, mwanangu. Theluji ya kwanza imeanguka, ikayeyuka, imebaki tope. Baba yako ameng'oa jino na anatembea kama aliyepigana vita. Barua yako niliwasomea kina mama kanisani tulipokuwa tunaosha vyombo, na pale kwenye bisi walinirudisha nyuma nisome upya. Wilma Kruse alicheka hadi akavunja bakuli la kanisa.

Sasa na mimi nikuulize. Mbona huniambii kuhusu mitupo huru? Siku ile mliyocheza na Cleveland, wa kwanza uligonga chuma na kurudi. Wa pili haukugonga kitu kabisa. Kiwiko chako kinatoka nje kama bawa la kuku. Halafu mchezo ulipokaza kocha akakutoa, ukakaa benchi na taulo kichwani hadi mwisho. Mchezaji anayeficha uso kwa taulo nami namjua tangu alipokuwa anaficha uso kwa aproni yangu.

Kula vizuri. Verlyn Hoekstra anakusalimu. Nilikuwa nimepita kwake kumrudishia sufuria.

Bibi yako,
Arlys Tjaden


Pittsburgh,
8 Desemba 1996

Bibi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu tulikuwa safarini, ndege hadi ndege. Mwambie baba pole ya jino.

Lakini kwanza, umeiona wapi mechi ya Cleveland? Huko kwetu mwenye dishi linaloweza kushika mechi za Pittsburgh ni mtu mmoja tu, dishi lenyewe kubwa kama bwawa la ng'ombe, na mtu huyo ni mzee Verlyn Hoekstra. Mimi nauliza tu. Ni sufuria gani hiyo inayorudishwa saa mbili usiku na kuchukua robo zote nne za mechi?

Sawa, na mimi nitasema. Mitupo huru inanitesa. Mazoezini naingiza. Watu wakijaa ukumbini, mikono inakuwa ya mtu mwingine. Timu nyingine zimeshagundua: dakika za mwisho wananishika makusudi, hata kama sina mpira, ili nipelekwe kwenye mstari wa mitupo huru nikose. Ndiyo maana Kocha Rudzinski ananitoa. Juzi aliniita ofisini. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema, "Kijana, unadaka mipira kama shetani. Lakini mtu nisiyeweza kumwacha uwanjani dakika za mwisho, mwakani sitakuwa na kazi naye." Kwa hiyo nina mpaka Aprili.

Usimwambie mama.

Garrit


Ellerbeck,
19 Desemba 1996

Mjukuu wangu,

Mama yako sijamwambia. Keki ya Krismasi ipo kwenye kifurushi, na soksi pia. Kama Purifoy ana miguu mikubwa kuliko yako, mpe zile za bluu.

Habari za sufuria zimeisha, tusizirudie.

Sasa kaa chini unisikilize. Wewe unajua jinsi sisi wasichana wa Iowa tulivyocheza: sita kwa sita, watatu wa kufunga upande huu, watatu wa kuzuia upande ule, unadunda mara mbili tu kisha unatoa pasi, na mstari wa kati hauvukwi. Ukigusa ng'ambo kwa kidole cha mguu, filimbi. Mwaka 1950 tulipofika mashindano ya jimbo Des Moines, Ellerbeck ilibaki na mbwa tu, wengine wote walikuwa kwenye viti wakipiga kelele. Mimi nilipelekwa mstarini mara nyingi usiku ule, na sikukosa hata mara moja. Nilirusha kwa chini, kwa mikono miwili, toka kati ya magoti. Ndivyo nilivyokufundisha pale ghalani. Ulikuwa mtoto mdogo unaingiza huku unaongea na kuku. Ukaacha ulipofika darasa la saba, kwa sababu watoto wa Kruse walikucheka.

Rudi kwenye ule mtupo, Garrit. Mikono yako inaujua. Shika mpira kwa pembeni, kunja magoti, inua kama unayeinua ndoo ya maziwa usiyotaka imwagike.

Nakupenda, na nitafurahi ukinisikia.

Bibi


Pittsburgh,
25 Januari 1997

Bibi,

Shikamoo. Asante kwa keki. Soksi za bluu zilimtosha Purifoy, na hazivui.

Kuhusu lile jambo, hapana. Wewe ulirusha mbele ya watu waliokujua tangu ubatizo. Mimi narusha mbele ya maelfu, na televisheni juu. Hakuna mwanamume hata mmoja kwenye ligi hii anayerusha hivyo. Ule ni mtupo wa bibi kizee, wataniita hivyo mpaka nizeeke kweli. Afadhali nikose nikiwa na heshima yangu.

Jana tulifungwa. Nilikosa minne.

Garrit


Ellerbeck,
20 Februari 1997

Garrit,

Baridi ni kali. Ng'ombe wawili wamezaa, ndama mmoja tumemlaza jikoni karibu na jiko na amekula kona ya zulia. Baba yako mzima.

Mechi siku hizi sizioni. Verlyn alikuja hapa Jumapili na gari lake akalisimamisha mbele ya nyumba mchana kweupe, akakaa kwenye kiti cha marehemu babu yako bila kuvua kofia, akaniuliza jambo. Nikamwambia akili zimemruka, watu watacheka. Akasema sawa, akaenda zake. Basi sina sababu ya kwenda kule tena.

Vaa kofia.

Bibi


Pittsburgh,
9 Machi 1997

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe. Barua yako ya mwisho nimeisoma hadi imechakaa. Ule mtupo niliouita wa bibi kizee ulikuwa wa kwako, na mimi nilikutupia usoni. Nilikuwa na hasira za kukosa, nikazileta kwako kwa sababu wewe hukasiriki. Kumbe unakasirika, unaandika tu kuhusu ndama.

Mama anasema umenuna tangu Februari, hata kanisani unatoka kabla ya kahawa. Naomba niseme wazi, halafu unichape nikija. Babu Harm alifariki miaka tisa iliyopita. Verlyn ni mtu mwema, anaongea maneno matano kwa siku, na alikuwa tayari kuyatumia yote kwako. Umemkataa kwa sababu watu watacheka. Mimi nami nakataa mtupo unaoingia kwa sababu watu watacheka. Nilipoziweka barua zetu pamoja mezani nikaona aibu, halafu nikaanza kucheka peke yangu.

Kwa hiyo Alhamisi nilikwenda ukumbini mapema, kabla hata taa zote hazijawashwa. Nikakunja magoti, nikarusha kwa chini. Ukaingia. Nikarusha tena, ukaingia. Nilikuwa nimeshaanza kufurahi niliposikia mtu nyuma yangu anacheka hadi anashindwa kusimama. Ni Purifoy, amevaa soksi zako. Alikaa sakafuni akajifuta machozi. "Mahindi, hiyo umeitoa wapi?" Nikamwambia, kwa bibi yangu. Akasema, "Rusha tena." Nikarusha. Aliacha kucheka, akaanza kuniokotea mipira. Mwishoni akasema, "Sikiliza. Nina miaka kumi na miwili hapa na sijawahi kuvuka raundi ya kwanza ya mtoano. Ukitufikisha huko, wewe rusha hata kwa makalio." Tangu siku hiyo anaokota mipira kila asubuhi, huku anakula donati zangu.

Ila mbele ya watu bado sijathubutu. Ndiyo nikapata wazo. Tufanye makubaliano: mimi nitarusha kwa chini kwenye mechi, na wewe Jumapili utakaa kwenye benchi la Verlyn kanisani.

Mjukuu wako mtukutu,
Garrit


Ellerbeck,
24 Machi 1997

Wewe Garrit,

Marahaba, na adabu huna. Umekuwa dalali wa ng'ombe siku hizi, unanipangia bei? Unajua vizuri kwamba kwetu mtu hahami benchi. Kina Tjaden tunakaa la tano kulia tangu kanisa lilipojengwa, na Hoekstra la tatu kushoto. Mjane akivuka ile njia ya katikati, hahitaji tena kutuma kadi za harusi. Hadi kufikia wakati wa kahawa wameshamchagulia rangi ya gauni. Usinitanie na jambo kubwa kama hilo. Sijasema ndiyo.

Nimekusamehe, hata hivyo. Nilishakusamehe tangu lile zulia. Nisalimie huyo Purifoy, mwambie soksi zifuliwe kwa maji baridi.

Tena sikia. Unapokunja magoti usitazame watu, tazama ukingo wa mbele wa chuma. Pumua nje. Mimi Des Moines nilisikia wakicheka mwanzoni, wasichana wa mjini, na kicheko kikaisha chenyewe mpira ulipoanza kuingia. Kicheko kinachoka haraka, mwanangu. Sijui kwa nini hili naweza kukwambia wewe na kujiambia mwenyewe siwezi.

Jana nilikwenda kwa Verlyn kutazama mechi. Nilibeba sufuria, watu waione. Alifungua mlango akasema, "Nimekuwekea chai." Tukanywa na ile sukari ya mawe tuliyorithi kwa wazee wetu. Hakuniuliza tena lile jambo, na mimi nikakaa nikitamani aulize. Haya, nimeandika, na sifuti.

Bibi


Pittsburgh,
19 Aprili 1997

Bibi! Bibi!

Shikamoo! Naandika haraka, usijali mwandiko. Najua uliona, lakini nataka uyajue ya ndani.

Jana ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, na Cleveland. Tukishinda tunaingia mtoano, tukifungwa kila mtu anapanga masanduku, na mimi langu lilikuwa limeshapangwa. Robo ya nne yule mrefu wetu mwingine akamaliza faulo zake, akatolewa. Kocha akatazama benchi, akaniona mimi na taulo langu. Akafumba macho kidogo kama mtu anayemeza dawa. "Mahindi, ingia."

Cleveland hawakupoteza muda. Sekunde zimebaki chache, wametuzidi pointi moja, wakanikumbatia hata kabla sijadaka mpira. Mitupo miwili. Hata mashabiki wetu wenyewe wakafunika nyuso, Bibi. Watu elfu kumi na tano wanaujua mkono wangu. Bibi mmoja mstari wa mbele alikuwa anasali wazi wazi.

Purifoy akaja kuninong'oneza. Nilidhani ataniambia neno la busara. Akasema, "Kama hutarusha ile ya bibi yako, kesho najaza bisi nyumba nzima."

Nikashika mpira kwa pembeni. Nikakunja magoti. Basi kicheko kikaanzia juu kwenye viti vya bei nafuu kikashuka hadi chini. Mlinzi wao mmoja, ana mdomo huyo, akapiga kelele, "Mbebe mtoto vizuri, ataamka!" Halafu, "Bibi yako yuko wapi, mtoto?" Nikamjibu, "Iowa. Anakutazama." Nikainua ndoo. Mpira ukapanda polepole, ukashuka katikati kabisa, hata wavu haukushtuka.

Tumelingana. Kicheko kikapungua. Nilipokunja magoti mara ya pili hakuna aliyecheka, nikasikia viatu vyangu vinalia sakafuni. Nikatazama ukingo wa mbele, nikapumua nje. Ukaingia.

Sijui mengine. Walinibeba. Purifoy analia na kuvuta pua, anasema ni mzio. Kocha Rudzinski alinishika masikio yote mawili akanifokea, "Miezi sita ulikuwa nayo hiyo! Miezi sita!" Kisha akanambia nisitafute pa kwenda mwakani, mkataba mpya unaandikwa.

Bibi, mimi nimetimiza upande wangu. Kesho ni Jumapili. Sisemi kitu.

Mwenye furaha kuliko wote Pittsburgh,
Garrit


Ellerbeck,
21 Aprili 1997

Garrit wangu,

Barua yako najua iko njiani. Mimi sina subira ya kuisubiri. Mama yako na baba yako wazima, wamepoteza sauti. Ndama ameharibu zulia jingine.

Niliona. Uliponikunjia yale magoti niliinuka, na kikombe cha chai kikaenda kivyake. Wa pili ulipoingia nilijikuta nimemshika Verlyn mkono, na sikujua niuachie namna gani. Yeye akasema, "Amekunja magoti vizuri, Arlys." Yaani mwanamume wa watu hata hapo hakuniuliza kitu. Nikamwambia, "Verlyn, lile jambo lako la Februari bado liko?" Akasema liko.

Basi ikafika jana. Nilivaa lile gauni la kijani. Nilichelewa makusudi ili niwe na kisingizio cha kukaa popote, lakini nilipoingia wimbo wa kwanza ulikuwa haujaanza na kila mtu alinigeukia, kwani tangu Ijumaa mimi ni bibi wa mchezaji. Nikatembea hadi benchi letu la tano kulia. Baba yako alisogea kunipisha. Nikasimama pale. Nilikuogopea wewe mbele ya watu elfu kumi na tano, sasa mimi naogopa mbele ya watu themanini, nusu yao binamu zangu. Nikapumua nje.

Enzi zetu, Garrit, mstari wa kati haukuvukwa. Nilicheza miaka minne bila kugusa ng'ambo hata kwa kidole. Jana nilivuka. Wilma Kruse aliangusha kitabu cha nyimbo. Walicheka, ndiyo, kicheko kilianzia nyuma kwa vijana, na nadhani hata mchungaji alicheka. Nikakaa la tatu kushoto. Verlyn hakuhitaji kunisogelea wala kunipisha, kulikuwa na nafasi tayari pembeni yake, na nikatambua kwamba amekuwa akiiacha majira yote ya baridi. Akanifungulia kitabu. Kinanda kikaanza, wote wakasimama kuimba, na mimi bado nilikuwa nasubiri filimbi. Haikulia.

Harusi tutaifanya mkishatolewa kwenye mtoano. Mkifika mbali tutasubiri, Verlyn ni mzoefu. Kuna jambo moja tu. Dada zake wawili walinisimamisha wakati wa kahawa, wakanitazama juu hadi chini, mkubwa wao akasema kwamba kwa kina Hoekstra anayeingia ukoo hupika kiamsha kinywa cha ukoo mzima. Wako arobaini. Kwa hiyo mchezaji mgeni sasa ni mimi, mjukuu wangu. Ukija, pitia donati.

Bibi yako,
Arlys